Mtoto Aliyeacha Kutetemeka

Asubuhi moja ya Julai, kipupwe kikiwa kimeikaba Njombe, binti wa miaka tisa aliingia kituoni kwetu amembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto ana miaka mitatu, sweta la mtumba limefungwa kwa pini, miguu mitupu imepasuka.

"Shikamoo, nesi. Usiku katetemeka sana, lakini sasa katulia."

Nilimgusa yule mdogo tumbo chini ya nguo. Lilikuwa baridi kama mtungi.

Kutulia kule ndiko kulikonitisha. Kutetemeka ni kazi: misuli hujikaza na kulegea upesi ili itoe joto, na kazi hiyo hutumia sukari ya kwenye damu pamoja na akiba ndogo iliyomo kwenye ini. Mtoto aliyelala na njaa huweza kuimaliza akiba hiyo kabla hakujapambazuka. Hapo mwili hushindwa kutetemeka, mtoto analegea, na anayemtazama anadhani kapata nafuu. Umbo lake nalo linamponza, maana ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Joto humtoka haraka, kama uji wa kwenye sahani unavyopoa kabla ya ule wa kwenye sufuria.

Kwa hiyo mtoto mwenye utapiamlo akipimwa kwapani na kukutwa chini ya nyuzi 35, tunamtibu baridi na upungufu wa sukari kwa pamoja. Kama anaweza kumeza, anapewa maji ya sukari papo hapo. Kisha anawekwa kifuani kwa mtu mzima, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa. Tafadhali, msimwingizie jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Njombe inalima mahindi, viazi na maharage. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Chakula kipo, wa kumlisha mtoto hayupo. Wazazi wanashinda shambani, watoto wanashinda na watoto wenzao, na sufuria inapashwa mara moja kwa siku, pengine isipashwe kabisa.

Naumia umaskini unapoitwa uzembe. Nilimuuliza binti yule wazazi wako wapi. Mama yuko Makambako, anatafuta vibarua. Baba yupo, ila jana hakurudi kutoka kwenye pombe ya komoni. Hao wawili hawawezi kuhukumiwa sawa. Mama anahitaji msaada. Baba anapaswa kuwajibishwa. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi, mlezi au yeyote anayekaa na mtoto ampatie chakula, malazi, mavazi na matibabu.

Kabla ya adhuhuri mdogo alianza kutetemeka tena, nasi tukafurahi. Dada yake tulimpa uji, akanywa vikombe vitatu bila kuinua uso. Naye alikuwa hajala tangu jana.

Ukimjua mtoto anayelala na njaa na baridi jirani yako, mpelekee chakula cha moto leo jioni, kisha mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116. Ni namba ya kusaidia watoto, na haikugharimu chochote.