Faili zako zimetekwa nyara? Usilipe, na usikimbilie kuformati

Ni Jumapili usiku. Project yako ya mwaka wa nne inafaa kumfikia msimamizi wako kesho saa mbili asubuhi. Unafungua laptopu, unabofya sura ya nne, haifunguki. Ukitazama jina la faili, limeongezewa herufi nne zisizo na maana mwishoni. Picha za harusi ya dadako, CV, nyimbo, zote zimeota mkia huo huo. Katikati yake kuna faili moja ya maandishi usiyoijua, _readme.txt. Inakuambia usiwe na wasiwasi, faili zako zitarudi, bora tu ulipe.

Pole sana. Umepatwa na ransomwea, yaani programu hasidi inayofunga faili za mtu kwa msimbo kisha kudai kikombozi. Kabla hujalia au kumpigia fundi, soma hapa kwanza, maana mambo utakayofanya katika saa moja ijayo yanaweza kuokoa kitu au kumaliza kila kitu.

Iliingiaje?

Tukisikia habari za wadukuzi, wengi wetu huwazia benki na mashirika makubwa. Lakini kuna familia moja ya virusi hivi, iitwayo STOP/Djvu, ambayo tangu 2018 imekuwa ikiwinda watu wa kawaida majumbani. Mlango wake mkuu ni zile programu zilizovunjwa leseni: Photoshop ya bure, Office ya bure, SPSS ya kuchambua data ya project, gemu ambayo ungepaswa kununua.

Tuseme ukweli, wengi tumezitumia. Na karibu kila moja huja na maagizo haya: zima antivairasi kwanza, ndipo uweke programu. Ukikubali, umempa askari wa lango likizo kwa ombi la mwizi. Djvu ina ujanja mwingine pia. Ikiwa kazini, huonyesha dirisha bandia la Windows Update ili usishangae mbona mashine imekuwa nzito.

Hakikisha kwanza

Si kila tishio ni ransomwea. Wakati mwingine ni ukurasa tu wa intaneti unaojaza skrini na kudai polisi wamefunga kompyuta yako. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua Task Manager, ufunge kivinjari. Kisha jaribu kufungua faili zako. Zikifunguka kama kawaida, ulikuwa unatishwa tu. Lakini kama majina yamebadilika, hazifunguki, na ujumbe ule ule unaonekana katika kila folda, basi hii ni ransomwea.

Saa ya kwanza

Kata intaneti: zima Wi-Fi au chomoa waya. Hii itazuia faili zilizoharibiwa kupanda hadi kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Chomoa flashi na diski ya nje mara moja. Ukiona majina ya faili bado yanaendelea kubadilika, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mashine izime. Na tafadhali, usichomeke flashi yenye nakala zako ati “kuangalia kama ni nzima”. Nayo itafungwa.

Kisha piga picha ya ule ujumbe kwa simu. Usiufute. Ndani yake kuna nambari ya utambulisho ambayo utaihitaji baadaye.

Halafu, ukitumia simu wala si laptopu hiyo, badilisha nywila zako. Hapa ndipo wengi huteleza. Djvu mara nyingi huja na mwenzake, mwizi wa pili asiyepiga kelele, ambaye kazi yake ni kukusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Anza na barua pepe, kwa sababu aliye nayo anaweza kubadilisha nywila zako nyingine zote. Kisha benki, eCitizen na mitandao ya kijamii. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali unapoweza.

Je, nilipe?

Ujumbe wa Djvu kwa kawaida hudai dola 980, na kuahidi kukupunguzia hadi dola 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Kwa dola moja kuwa takriban Sh129, hiyo “nusu bei” ni kama Sh63,000. Punguzo hilo ni presha tu, ulipe kabla hujafikiria. Watakuambia pia kwamba watakufungulia faili moja bure kama ushahidi. Hiyo ni chambo. Ukishatuma Bitcoin, huna risiti, huna wa kumshtaki, na hakuna kinachowalazimisha kukujibu.

Tafuta ufunguo wa bure

Ukitumia kompyuta nyingine iliyo safi, ingia kwenye tovuti ya No More Ransom. Ni mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapakia faili iliyofungwa pamoja na ule ujumbe, nayo inakuambia ni virusi gani na kama kuna dawa. Usishtuke tovuti kama hizi zikikataa kufunguka kwenye laptopu iliyoambukizwa. Djvu huzizuia makusudi.

Kwa Djvu, kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure mwaka 2019. Haifungui kila kitu, kwa hivyo tazama ile nambari uliyoipiga picha. Ikiisha kwa t1, kuna tumaini: virusi vilishindwa kufikia seva yake, vikatumia ufunguo mmoja unaotumika kwa waathiriwa wengi, na huenda ufunguo huo umeshapatikana. Isipoisha hivyo, una ufunguo wako peke yako ulio mikononi mwa wahalifu, na hapo hata fundi hodari hana la kufanya.

Kwa hivyo anayekuahidi mtandaoni kwamba atafungua kila kitu kwa elfu tano, mwogope. Mwaka 2020 kulisambazwa zana bandia ya “kufungua” Djvu ambayo ilikuwa ransomwea nyingine, ikafunga mara ya pili faili zilizokuwa zimeshafungwa.

Fundi akikuambia “tuformati tu”, mwambie asubiri. Nakili kwanza faili zilizofungwa kwenye diski tupu, uiweke. Mwaka 2016 waliounda ransomwea ya TeslaCrypt waliacha kazi wakatoa ufunguo mkuu hadharani, na waliokuwa wametunza faili zao wakazifungua. Tena, Djvu huharibu mwanzo tu wa faili, takriban KB 150. Video au wimbo mrefu unaweza kurekebishwa kwa sehemu kubwa. Baada ya kunakili, sasa weka Windows upya.

Usisahau kupekua kwingine. Sura tatu ulizomtumia msimamizi mwezi jana bado zipo kwenye barua pepe. Picha za harusi ziko WhatsApp ya shangazi. Google Drive nayo hutunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30.

Ripoti pia kwa DCI au kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018.

Isitokee tena

Kanuni ni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Flashi inayoishi ndani ya laptopu si nakala. Ransomwea itaifunga pamoja na nyingine. Badala ya programu za wizi, kuna LibreOffice ya kuandika, PSPP badala ya SPSS, GIMP ya picha na DaVinci Resolve ya video. Zote zinapatikana bure na kihalali.

Kuhusu Jumatatu, mwandikie msimamizi usiku huu huu. Mweleze ukweli, mtumie ile picha ya ujumbe, umwombe siku kadhaa. Na kama haya hayajakupata bado, tafuta flashi leo kabla hujalala, nakili project yako, kisha uichomoe.