Kizaramo na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwanachuo apelekwaye Zegereni, au penginepo katika Kibaha na Kisarawe, kufanya mazoezi ya kufundisha, huenda akadhani amefika mahali pasipo lugha ya kabila. Watoto husema Kiswahili tangu nyumbani, na wazee humsalimu kwa Kiswahili. Lakini wenyeji wa nchi hii, hadi Dar es Salaam yenyewe, ni Wazaramo, na lugha yao ipo.

Kizaramo si Kiswahili kilichopotoka. Wataalamu hukiweka katika kundi la Ruvu, pamoja na Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiluguru. Wengine huongeza Kikaguru na Kigogo. Kiswahili kimo katika kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo na lugha za Mijikenda. Basi kwa nasaba, ndugu wa karibu wa Kizaramo wako bara. Hata masimulizi ya Wazaramo huelekea huko: Pazi Kilama husemwa kuwa mwindaji wa tembo aliyetoka upande wa Uluguru, akawasaidia Washomvi wa pwani kupigana na Wakamba.

Kilichozidisha mfanano ni ujirani. Seyyid Majid alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao makuu yao. Biashara, Uislamu, kazi za mjini, na hatimaye shule, vyote vilikuja kwa Kiswahili. Leo Zegereni ni eneo la viwanda lenye watu wa mikoa mingi, na Kizaramo kimebaki zaidi vinywani mwa wazee.

Haya yanamhusu mwalimu kwa sababu Kizaramo hutumia l mahali pengi ambapo Kiswahili kina r. Wenyewe hujiita Wazalamo. Mtoto aliyelelewa na bibi mwenye matamshi hayo ataandika “balua” na “lafiki”. Huo si uvivu, wala si utovu wa akili, ingawa watoto wa pwani wamesingiziwa yote mawili. Akichekwa mbele ya wenzake atanyamaza, na mtoto anyamazaye hafundishiki.

Yafaa mwalimu atumie jozi za maneno: kula na kura, hali na hari, mahali na mahari. Watoto wasikilize kwanza, waonyeshe kwa mkono ni neno lipi, kisha watamke, na mwisho waandike. Neno la nyumbani kama kulonga, yaani kusema, likitokea, liandikwe ubaoni kando ya lile la Kiswahili. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo ilizihesabu lugha za jamii kuwa hazina ya Kiswahili.

Mtoto atamkaye hali na hari sawasawa, ila huyaandika yote kwa l, shida yake ni tahajia. Huyo apewe imla, si zoezi la ulimi.