Je, Wajua? Udongo wa Salale ni Msafiri

Masika, ukiwa Nyamisati, kata ya Salale wilayani Kibiti, unangoja boti ya Mafia, chota maji kwenye glasi uyaache yatulie. Tope litakalotuama chini huenda lilikuwa shamba la mtu Iringa, Mbeya au Morogoro. Bonde la mto Rufiji lina takriban kilometa za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara.

Safari huanza na tone. Likipiga ardhi tupu huvunja mabonge ya udongo. Chembe laini huziba matundu, maji yakakosa pa kuzama, yakateremka na rutuba. Shamba lililofunikwa kwa mabua halipigwi hivyo.

Ajabu ni kwamba hasara ya mkulima wa mlimani imekuwa mbolea ya Mrufiji. Mafuriko yakipungua, watu hupanda mahindi kwenye tope bichi. Kilimo hicho huitwa mlau, na mfuko wa mbolea ya dukani hauhitajiki.

Tope linalobaki hukutana na mikoko ya delta ya Rufiji, mizizi ikapunguza kasi ya maji nalo likatua. Mikoko ikifyekwa kupisha mpunga (na deltani inafyekwa sana), mchujo huo hupotea.

Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo lilipoanza kujazwa, mchanga na tope jingi la juu hutua humo. Lakini mvua inayonyesha Kibiti kwenyewe haipiti bwawani.