Mafuta ya Oveni na Koo la Mtoto

Mama anayeoka keki za kuuza nyumbani kwake Sombetini, jijini Arusha, huijua kazi inayomsubiri baada ya wikiendi ya oda nyingi: kuta za oveni zimekuwa nyeusi, na waya za kuwekea trei zimegandamana mafuta yaliyoungua. Njia ya mkato ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Huyeyushwa katika maji, na inayobaki hutiwa kwenye chupa iliyokuwa ya soda. Mtoto huitambua chupa, kilichomo hakitambui.

Kostiki huondoa mafuta kwa kuyageuza sabuni. Ikimezwa, huufanyia umio vivyo hivyo: huyeyusha mafuta na protini za ukuta wake, na jeraha huzidi kuzama. Majuma kadhaa baadaye kovu huweza kuubana umio, mtoto akashindwa ugali, kisha hata uji. Daktari Chevalier Jackson wa Marekani aliwatibu watoto wengi wa namna hiyo, akapigania sheria ya mwaka 1927 iliyolazimisha kemikali hizo ziandikwe kuwa ni sumu. Chupa ya soda haina maandishi hayo.

Oveni ya nyumbani haihitaji ukali huo. Ikishapoa, na gesi imefungwa, magadi soda yakorogwe na maji kidogo yawe uji mzito, yapakwe kutani pasipo kugusa matundu ya moto, yaachwe usiku kucha. Waya zilowekwe katika beseni la maji ya moto yenye sabuni na magadi. Asubuhi, stili waya na kitambaa chenye maji vyatosha, ingawa mkono utachoka. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Mtoto akimeza kostiki, asitapishwe, wala asipewe ndimu au siki ya “kuua makali”. Maziwa yasimiminwe kwa nguvu. Asuuzwe mdomo, avuliwe nguo zilizolowa, ngozi na macho yamwagiwe maji mengi, kisha apelekwe hospitali pasipo kukawia, hata kama mdomo hauna kidonda: umio waweza kuwa umeungua. Mhudumu naye asipitishe mpira wa tumboni kwa kubahatisha wala asitoe mkaa wa dawa, kwa kuwa humzuia daktari kuliona jeraha kwa endoskopi. Chupa yenyewe ifungwe vizuri, ipelekwe pamoja na mgonjwa.