Somo la Redio: Kufungua Injini ya Motokaa bila Kuumia

Natumaini vikundi vyote vya Musoma, Bunda na Butiama vimekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya kufungua injini ya motokaa ili itengenezwe. Kuifunga tutakuja kukusoma wakati wake. Kufungua peke yake kuna mambo ya kutosha, na asiyeyajua aweza kuumia kabla hajagusa hata bolti ya kwanza.

Tuanze na uzito. Injini ya gari dogo la silinda nne kwa kawaida hupita kilo 100, na ya lori ni nzito zaidi mara nyingi. Katika barabara hii itokayo Mwanza, ikapita Bunda na kwenda mpaka Sirari, mara nyingi nimeona injini ikining'inia kwenye tawi la mwembe, na kijana amechuchumaa chini yake. Siku moja nilisimama kutazama kazi ya namna hiyo. Fundi alikuwa hodari, na tawi lilikuwa nene. Kilichokatika ni kamba. Injini ilianguka mahali pale pale alipokuwa amepiga magoti, naye alikuwa ameondoka muda mfupi tu kwenda kunywa maji. Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Basi tumia mnyororo na kapi lenye nguvu ya kutosha, litundikwe kwenye boriti ya chuma au nguzo tatu zilizofungwa imara. Injini ikiwa hewani, mtu yeyote asiingize mkono, mguu wala kichwa chini yake, hata kama ni kuokota nati. Na gari lenyewe je? Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kutegemea. Ukiisha kuinua, weka stendi za chuma, au magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Musoma tunayo mawe mengi, lakini jiwe lina mgongo wa mviringo nalo huteleza. Tofali nalo hupasuka ghafula bila kutoa habari.

Sasa betri. Ondoa kwanza ule waya uliofungwa kwenye chesesi. Kwa magari mengi huo ni upande wa hasi. Ukianza na waya mwingine, na spana yako ikagusa bodi, cheche kubwa hutoka. Na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo huwaka kwa cheche ndogo tu. Magari fulani ya zamani ya Kiingereza yalifungwa kinyume, chanya kwenye chesesi. Kwa hiyo fuata waya kwa macho uone unakwenda wapi, usiamini rangi yake.

Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Mfuniko wake huyabana maji, hata yakapita digrii 100 bila kuchemka. Ukiuzungusha, maji yale huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu. Kungoja huko kuna faida ya pili: silinda hedi ikifunguliwa ingali moto yaweza kupinda, hasa ikiwa ya aluminiamu, nayo ni ghali.

Juu ya petroli nitakaza sauti. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini na kujaa ndani ya shimo la gereji. Jiko la mkaa la mama achemshaye chai jirani laweza kuuwasha. Msioshe vyuma kwa petroli. Tumieni mafuta ya taa au dizeli, mahali penye hewa, mbali na sigara. Hayo nayo huwaka, ila si upesi kama petroli. Wekeni ndoo ya mchanga karibu. Maji hayazimi moto wa mafuta, huueneza. Wala msiweke mafuta katika chupa ya soda, maana mtoto hajui kilichomo.

Tukiisha kujilinda, tumwage maji na oili, ndipo tufungue. Kabla ya kutoa mnyororo au mkanda wa taimingi, zungusha krenki mpaka alama za kiwandani zilingane, kisha uzichore katika daftari. Bolti za silinda hedi zilegeze kidogo kidogo, ukianzia ncha zote mbili ukija katikati, raundi baada ya raundi. Ukifungua moja yote kwa mara moja, hedi huvutwa upande. Ikigandamana na gasketi, igongegonge kwa nyundo ya mti. Ukichomeka bisibisi katikati, utaacha mkwaruzo ambao maji yatapitia baadaye.

Chukua kipande cha boksi, toboa matundu, uyape namba, uchomeke kila valvu katika tundu lake. Tena ni lazima kila mkono wa pistoni, ambao mafundi huuita konrodi, ubaki na kifuniko chake mwenyewe, kikielekea upande ule ule. Viwili hivyo vilichongwa pamoja. Ukivichanganya, beringi itakufa upesi, krenki itaharibika, na mwenye gari, ambalo pengine ndilo duka lake na shamba lake, atakuja kukudai. Viandike namba kabla ya kulegeza nati.

Oili chafu ikusanywe katika debe, isimwagwe mtaroni ikateremka ziwani. Ikikaa siku nyingi juu ya ngozi yaweza kuleta hata saratani, basi nawa kwa sabuni, wala si kwa petroli.

Kazi ya kikundi: kabla ya kipindi kijacho, nendeni wawili wawili kwa fundi wa karibu. Mwombeni awaonyeshe kapi lake, kisha kagueni ndoano na kila pete ya mnyororo. Iliyopanuka au kuwa na ufa iandikeni katika daftari, na fundi aambiwe siku hiyo hiyo.