Skrubu Katika Ukuta wa Barafu

Juma lililopita niligusia watu wanaopanda kuta za barafu kwa hiari yao, na baadhi ya wasikilizaji wakacheka. Siwalaumu. Wengi wetu barafu tunaijua ya jokofu. Lakini hata Ikweta ina barafu yake. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, mfereji wa barafu ulio kati ya vilele vya Batian na Nelion katika Mlima Kenya. Barafu ya mfereji huo imepungua mno tangu wakati huo, ila swali mliloniletea liko palepale: mtu akiteleza kule, ni nini kinachomshika?

Ni skrubu. Msiifikirie ile ya seremala. Hii ni bomba jembamba la chuma, urefu wake sentimita 10 hadi 22, lenye meno kwenye ncha na hesi ubavuni. Kichwani ina tundu la kupachika karabina, yaani pete yenye mlango ambamo kamba hupita. Mpandaji wa mbele huizungusha kwa mkono mmoja, wa pili ukining'inia kwenye shoka alilolichomeka ukutani. Mwenzake aliye chini humwachia kamba kidogo kidogo. Hesabu yake si ngumu: aliyeipita skrubu yake ya mwisho kwa mita 5 akianguka, ataporomoka mita 10 kabla kamba haijaanza kukaza. Skrubu hiyo nayo iking'oka, safari inaendelea mpaka inayofuata.

Sasa, mpe mtu yeyote skrubu hiyo, ataiweka kama kigingi cha hema: kichwa juu, ncha ikielekea chini, ili mvuto usiichomoe. Wapandaji wenyewe walifundishana hivyo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 skrubu zilijaribiwa huko Marekani, zikavutwa kwa mashine mpaka zikashindwa, na katika barafu nzuri matokeo yakawa kinyume. Ile iliyoinamishwa kichwa chini kidogo, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15, ndiyo iliyoshika zaidi. Kumbe skrubu iliyowekwa kama kigingi hugeuka mtaimbo. Mvuto huikandamiza kwenye ukingo wa tundu, ukingo unamomonyoka, mtaimbo unapata urefu zaidi, na mambo yanaharibika. Ikielekezwa upande wa mvuto, mzigo huchukuliwa na hesi.

Nimesema barafu nzuri, na neno hilo msilipite haraka. Katika barafu iliyooza au inayoyeyuka hesi hazina cha kung'ata, na ushauri huo haufai kitu. Ndiyo maana mpandaji makini huanza kwa kukwangua tabaka la juu, lile jeupe lenye mapovu, mpaka aifikie barafu iliyoshikamana. Anapozungusha, huitazama barafu inayosukumwa nje kupitia katikati ya bomba. Ikitoka ngumu, vema. Ikitoka chepechepe, au skrubu ikawa nyepesi ghafla mkononi, ndani mna uwazi. Atafute mahali pengine. Tena huiweka usawa wa kiuno, maana hapo ndipo mkono una nguvu. Anayejinyoosha kuiweka juu ya kichwa huchoka mapema, na mkono uliochoka ndio unaoachia shoka.

Jua nalo ni adui. Chuma hunyonya joto na kuyeyusha barafu inayokizunguka, kwa hiyo skrubu zinazobeba watu kwa muda mrefu hufunikwa theluji.

Kinachonistaajabisha zaidi ni namna ya kushuka. Njia iliyopewa jina la Vitaly Abalakov, mpandaji wa enzi za Kisovieti, haiachi chuma chochote ukutani. Hutobolewa matundu mawili ya mshazari yanayokutana ndani ya barafu, kipande cha kamba kikapitishwa humo na kufungwa, na mtu mzima akateremka akikitegemea hicho. Akifika chini huivuta kamba yake kubwa. Kile kipande hubaki mlimani.