"Kompyuta Imekufa, Tuma Hela": Kabla Hujatuma, Piga Hesabu Hizi

Mshahara haujaingia, ujumbe umeshatangulia. Ada ya shule, dawa za mama, mabati ya nyumba, na siku hizi kimeongezeka kipengele kipya: kompyuta. "Kaka, laptopu imezima kabisa, fundi anasema ni bodi, anataka elfu kumi na tano." Mdogo wako yuko chuo na ana kazi ya kukabidhi Ijumaa. Au ni lile duka la dawa ulilofungua nyumbani kwa jasho la miaka minne, na hesabu zote za duka zimo ndani ya mashine moja. Huku Doha nako unayo ya kwako chini ya kitanda, ile unayosomea kozi ya mtandaoni ukitoka zamu, nayo imeanza kunguruma kama jenereta.

Kazi yangu ni uhasibu, si ufundi. Lakini kwenye kampuni ndogo mhasibu ndiye anayepitisha ankara za mafundi wa kompyuta, na nimepitisha za kutosha kuona hela inapotelea wapi. Inapotea mahali pawili. Pa kwanza ni kulipia ugonjwa ambao haukupimwa. Pa pili ni kuokoa mashine huku kilichomo ndani kikifutwa, na hapo ndipo watu wanapoumia kweli.

Tuanze na hizo elfu kumi na tano. Riyali yetu imefungwa kwenye dola kwa 3.64, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi ya nyumbani. Kwa bei ya shilingi 35 za Kenya kwa riyali moja, hiyo ni karibu riyali 430. Sasa kumbuka kima cha chini cha mshahara hapa Qatar tangu Machi 2021: riyali 1,000 za msingi, 500 za makazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi. Yaani kwa mlinzi au msafishaji anayelipwa kima hicho, neno moja la fundi, "bodi", ni zaidi ya siku kumi na mbili za kazi. Neno la bei hiyo lazima liulizwe maswali.

Swali la kwanza kwa fundi ni rahisi: umejuaje kama ni bodi? Mwombe mdogo wako akupigie kwa video akiwa pale pale dukani, uongee na fundi mwenyewe, kwa heshima na bila kumtuhumu mtu. Fundi mzuri atakwambia alichojaribu. Alijaribu chaja nyingine? Chaja na tundu lake hufa mara nyingi kuliko bodi, na bei yake si ya kulinganishwa. Alichomoa chaja, akatoa betri kama inatoka, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha akawasha tena? Kuna mashine "zilizokufa" ambazo hufufuka kwa hilo tu, bila malipo. Aliiunganisha kwenye TV kwa waya wa HDMI? Kama kioo cha laptopu ni cheusi lakini picha inaonekana kwenye TV, basi bodi inafanya kazi na cha kutazama ni kioo au waya wake. Akikujibu kwa hasira, au akirudia tu "ni bodi, ni bodi", mwambie mdogo wako achukue mashine yake aende kwa fundi wa pili. Nairobi kuna Luthuli Avenue, Dar kuna Kariakoo, mafundi hawajaisha.

Ile ya kwako inayonguruma, hapa Doha mara nyingi ni vumbi tu. Mji huu una vumbi la jangwa na kiangazi cha nyuzi zaidi ya 40, na feni ya laptopu huvuta vyote viwili. Ikiziba, mashine inapata joto, inapunguza kasi yenyewe, halafu inazima katikati ya kazi. Kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa upya ile dawa nyeupe au ya kijivu inayopitisha joto ni kazi ndogo. Usiiache ndani ya gari mchana, na usiitumie juu ya blanketi.

Na kama tatizo ni "iko slow", yaani inachukua dakika tano kuwaka, uliza kama bado ina diski ya zamani ile inayozunguka. Kubadilisha diski hiyo kuweka SSD ndiyo matengenezo ambayo mimi huyapitisha bila kubishana. Mashine ya miaka saba hurudi kuwa ya kutumika. Kuongeza memori kutoka GB 4 hadi 8 kunafuata.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme laptopu ya aina hiyo hiyo, iliyotumika lakini nzima, unaipata kwa riyali 600. Fundi anataka 430 kwa bodi. Kanuni yangu ni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kuinunua nyingine kama hiyo, acha. Hapa nusu ni 300, kwa hiyo jibu ni kununua, na ile mbovu uiuze kwa vipuri: kioo, kibodi, memori na diski vina soko lake. Kuna mtu atasema, "Lakini mwezi uliopita nilishalipa 200 za kioo, niache zipotee?" Hizo 200 zimekwenda, ndugu yangu. Ukitengeneza hazirudi, ukinunua hazirudi. Ziondoe kwenye hesabu, ulinganishe kinachotoka mfukoni kuanzia leo tu. Tulifundishwa hili mwaka wa kwanza wa biashara, na bado naona watu wazima wenye vyeo wakifukuza hela ya zamani kwa hela mpya.

Lakini usikimbilie kununua ya mtumba kabla hujasoma namba yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna muda wa nyongeza wa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo haipokei mashine zote: kwa zile za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo maofisi yanaondoa mashine za zamani, nazo zinaishia sokoni, hapa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kama ya Najma na Souq Haraj, na kule nyumbani pia, zikiwa zimesafishwa zinang'aa. Tazama namba ya prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita, haifai. i5-8250U ni cha nane, inafaa. i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji atakwambia "ina Windows 11 tayari". Inawezekana kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haiahidi kuiletea marekebisho, na wewe unataka kufanyia benki humo.

Hilo la benki linanileta kwenye lile la pili, ambalo ni zito zaidi ya bei.

Ndani ya laptopu yako kuna nini? Picha ya pasipoti, nakala ya QID, mkataba wa kazi, hati za mshahara, risiti za kutuma hela, paswedi za benki ambazo kompyuta imezikariri. Ukimwachia fundi mashine pamoja na paswedi kwa siku tatu, umemwachia vyote hivyo. Qatar ina sheria ya makosa ya mtandao, Na. 14 ya mwaka 2014, na mwizi wa data anaweza kufungwa, lakini kifungo chake hakikurudishii akiba. Kama kinachotengenezwa ni kioo, kibodi, feni au tundu la chaja, fundi hahitaji diski yako kabisa. Kwenye laptopu nyingi inashikwa na skrubu. Mwombe aitoe mbele yako, uiweke mfukoni uondoke nayo. Akikataa bila sababu, ondoka na mashine nzima. Kama lazima ibaki, toka kwanza kwenye barua pepe na benki zote, na futa paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Na kuna mtego mpya ambao wengi hawaujui. Mashine nyingi za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, hujifunga diski yenyewe kwa BitLocker bila kukuuliza. Siku fundi akibadilisha bodi, ikiwaka inadai ufunguo wa tarakimu 48. Huna? Kila kitu kilichomo kimefungwa, na hakuna fundi wa kukifungua. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwa hiyo uingie kwa simu, uutafute na uuandike kwenye karatasi kabla mashine haijaenda popote.

Kuna duka moja la ufundi hapa mjini, silitaji, lililopokea kompyuta ya ofisi yetu kwa tatizo la virusi, likairudisha safi kama mpya. Safi kweli: fundi aliweka Windows upya bila kuuliza, akafuta kila kitu. Mishahara ya mwezi ule ilitoka kwa sababu nakala ya jana yake ilikuwa kwenye diski ya nje ndani ya kabati. Tangu hapo kila karatasi ya kupokelea mashine naandikisha kwa mkono "data isifutwe bila idhini", na fundi anatia sahihi.

Kwa wenye duka nyumbani, hapo ndipo pa kukazia. Kenya na Tanzania sheria ya kodi inakutaka uhifadhi kumbukumbu za biashara miaka mitano. Afisa wa kodi hatakubali "diski iliungua". Diski ya nje ya bei ndogo, nakala kila Ijumaa jioni, na nyingine kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo wewe uliyeko Doha unaweza kuifungua. Hii ya pili ina faida ya ziada: unaona mauzo ya duka lako bila kumuuliza mtu, na udugu unabaki salama. Malipo ya fundi pia yawe na risiti inayokubalika, maana Kenya tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS inakataliwa kwenye hesabu za kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa, na Tanzania dai risiti ya EFD. Duka lenye mashine moja halihitaji fundi wa kulipwa kila mwezi. Likifika mashine nne au tano na printa, mkataba wa mwezi unaanza kuwa na maana, ilimradi umeandikwa atafika ndani ya saa ngapi na nakala za data ni jukumu la nani.

Neno kuhusu mafundi wetu wa vyumbani, wale wanaotengeneza kwenye kambi wakitoka kazini. Wapo wenye mikono ya dhahabu. Lakini hapa hairuhusiwi kumfanyia kazi mtu asiye mwajiri wako bila kibali, kwa hiyo hana risiti wala waranti, na kikiharibika huna pa kulalamika. Naye anahatarisha ukaazi wake. Duka lenye leseni likikudhulumu, una risiti, na Wizara ya Biashara na Viwanda inapokea malalamiko ya wateja.

Mwisho, kwa anayepeleka laptopu nyumbani likizo hii: umeme wa kwetu unaendana na wa hapa, na plagi ya pini tatu za bapa ni ile ile, kwa hiyo chaja haihitaji adapta. Laptopu iende kwenye mzigo wa mkononi. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kabisa kwenye begi linalopakiwa chini. Na kama betri imevimba hadi kibodi imenyanyuka, usipande nayo ndege hata ndani ya mashine; itolewe na fundi hapa hapa Doha, ukanunue nyingine ukifika.